Watafsiri wa filamu, waacheni vibonzo vizungumze kwa nyuso zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi watafsiri wanaotia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za vibonzo, pamoja na vituo vya televisheni na wenye vibanda umiza wanaozionyesha. Kazi yao naithamini, kwani imewawezesha watoto wetu, na hata wazee, kufuatilia hadithi zilizotungwa kwa lugha wasiyoijua. Ninachokipinga ni mazoea ya kuzungumza hata pale ambapo mhusika mwenyewe amenyamaza, kana kwamba ukimya wake ni kasoro ya filamu inayopaswa kuzibwa kwa maneno.

Ukimya huo umetengenezwa kwa makusudi. Gromit, mbwa wa udongo wa kuchezea aliyebuniwa na Nick Park wa Uingereza, alionekana kwa mara ya kwanza katika filamu ya A Grand Day Out ya mwaka 1989. Awali Park alikusudia awe na mdomo na sauti, lakini alipoanza kumchezesha aligundua kwamba kulisogeza kidogo paji la uso wake kulitosha kueleza anachokiwaza, na hadi leo Gromit hana mdomo wala hatamki neno. Paji likishuka juu ya macho, tunajua amechoshwa na vituko vya bwana wake. Likiinuka katikati, tunajua ana huzuni. Na anapoyageuza macho kututazama sisi, tunakuwa wasiri wake. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na uso huo husogezwa kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka hisia ikamilike. Ni kazi ya subira kubwa mno, na inaniuma kuona inafunikwa na sauti inayotuambia, "Sasa mbwa amekasirika."

Katika The Wrong Trousers, filamu nyingine ya Gromit ya mwaka 1993, yumo pia pengwini ambaye uso wake haubadiliki hata kidogo. Ana macho mawili madogo meusi, basi. Hofu yote ya filamu ile inatokana na kutojua anawaza nini, kwa hiyo mtafsiri anayemwita mwizi tangu anapoingia nyumbani anakuwa ameivunja hadithi kabla haijaiva. Vivyo hivyo roboti wa WALL-E, filamu ya mwaka 2008, hana mdomo wala pua, ila macho yaliyoundwa mfano wa darubini, ambayo yakiinama kidogo tu mtazamaji anauhisi upweke wake.

Wapo watakaosema kwamba watoto hawataelewa bila kuelezwa. Sikubaliani nao, kwa sababu mtoto huusoma uso wa mama yake kabla hajajua neno hata moja. Kwa watu wasioona, maelezo ya sauti ni haki yao, na wanastahili kuandaliwa toleo lao maalumu lililopangwa vizuri.

Ninachopendekeza ni kwamba mtafsiri aitazame kwanza filamu nzima akiwa amezima sauti, aandike kila sehemu ambayo ameielewa kwa macho peke yake, kisha sehemu hizo aziache na muziki wake kama zilivyo. Vituo vya televisheni navyo viliweke sharti hilo katika mikataba yao na watafsiri.

Wako mwaminifu,
Mpenzi wa filamu za vibonzo,
Morogoro.