Harambee ya intaneti kwa kaya 40, Cleveland mashariki, jimbo la Ohio, Marekani

Ndugu na dada katika Kristo, nanyi nyote mnaotutakia mema, Bwana asifiwe.

Kila Jumatano ibada ikiisha, watoto hawaondoki. Wanabanana ngazini na laptopu za shule, wakimalizia kazi zao kwa waifai ya kanisa, maana nyumbani kuna simu ya mama tu, na bando huisha kabla ya mwezi. Tukianza kuzima taa utasikia, "Mchungaji, dakika tano tu, nitume hii."

Jambo hili halikuanza na sisi. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilichora ramani za miji, mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu, benki zikainyima mikopo, mingi ikabaki maskini. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kampuni kubwa ya simu ilipeleka laini mpya za intaneti ya kasi kwenye vitongoji vya Cleveland na kuiruka mitaa mingi maskini. Nchi nzima, mwaka 2021, Wazungu 80 katika kila watu wazima 100 walikuwa na intaneti ya kasi nyumbani. Weusi walikuwa 71.

Sisi wa Congo, Burundi, Kenya na Tanzania tumekuja juzi tu, ila nyumba tunazozimudu ziko mitaa hiyo hiyo. Jirani zetu Wamarekani Weusi wameyabeba haya tangu enzi za babu zao, hivyo kaya 15 kati ya hizi 40 ni zao. Kuwachangia watu wetu peke yao kusingekuwa haki.

Punguzo la serikali kwenye bili ya intaneti, la hadi dola 30 kwa mwezi, lililosaidia kaya zaidi ya milioni 23, lilikoma Juni 2024 fedha zilipokwisha. Wengi wetu tukakata laini.

Lakini hapa jijini kuna shirika lisilo la faida linalotoa intaneti kwa dola 18 kwa mwezi. Kaya moja ni dola 216 kwa mwaka. Kaya 40, dola 8,640. Mwenye 18 amlipie jirani mwezi mmoja. Mwenye 216 aibebe kaya nzima. Vijana mnaojua kufunga ruta na kumwelekeza mzazi kujaza fomu ya kazi mtandaoni, tunawahitaji sana. Wapo watakaolipiwa laini na bado wasijue pa kuanzia.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada. Mlio mbali, tumeni ahadi kwa mhazini. Kila mchango utapewa risiti, na malipo yatakwenda moja kwa moja kwa shirika.