Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Diski Ilivyojaa na Tunavyotaka Kutunza Bakapu

Ndugu wanachama habari zenu,

Mambo ya michango mhazini ameshayasema, mimi naenda moja kwa moja kwenye seva yetu ya bakapu, yaani kompyuta inayotunza nakala za akiba za mafaili yetu, maana ndo iliyotunyima usingizi mwaka huu.

Mnakumbuka ile wiki diski ilijaa bakapu zote zikasimama. Wengi mliuliza, si tuliiambia Bacula, ile programu yetu ya bakapu, itunze siku 30 tu, sasa imejaaje? Swali la maana kabisa. Kosa lilikuwa letu kwenye kupanga, zile siku 30 hazihesabiwi tangu bakapu ifanyike, zinahesabiwa tangu volyumu, yaani lile faili kubwa ambamo Bacula inaweka bakapu, iandikwe mara ya mwisho, na kwanza lazima iwe imejaa au imefungwa. Sisi tulikuwa na volyumu moja haina kikomo cha ukubwa wala cha muda, kila usiku inaongezewa, kila usiku hesabu inaanza upya, faili linanenepa tu. Nilifungua konsoli, yaani dirisha la kuiandikia Bacula amri, mwenyewe nikakuta hali yake bado Append, yaani iko wazi kuandikwa, na ndani mna bakapu za tangu mwaka unaanza. Iliniuma sana.

Fundi akaweka kikomo, kila volyumu ifungwe baada ya saa 23. Kesho yake ile ya zamani iko vilevile! Kumbe ukibadilisha mipangilio ya puli, yaani kundi la volyumu, zinazoifuata ni volyumu mpya tu, zile za zamani zinabaki na mipangilio yao kwenye katalogi, yaani hifadhidata ya Bacula, mpaka uziapdeti kwa konsoli. Hapa tulipoteza siku mbili nzima, ukiwa na seva yako nyumbani shika hili.

Halafu muda ukipita Bacula haifuti data papo hapo, inasubiri mpaka ihitaji pa kuandika ndo ichukue volyumu iliyopitwa na muda na kuandika juu yake, kwa hiyo ukiona nafasi ya diski haijaongezeka usianze kufuta mafaili kwa mkono tafadhali.

Kuna mwanachama aliomba faili lake moja la miezi minne nyuma. Data ilikuwepo, ila orodha ya mafaili kwenye katalogi hukaa siku 60 kama hujabadilisha mpangilio wake, hatukuweza kulichagua peke yake, ikabidi turudishe bakapu nzima ya siku ile tuanze kupekua folda kwa folda mpaka likapatikana. Tumeshaongeza muda huo.

Sasa naomba uamuzi wenu. Bakapu kamili tunafanya mara moja kwa mwezi, na zile za kila siku zinabeba mabadiliko tu, kwa hiyo zinaitegemea. Tukiitunza siku 30 tu na mpya ikafeli, ya zamani inaweza kuandikwa juu tukabaki na vipande. Napendekeza kamili ziwe na puli yake zitunzwe siku 90, za kila siku zibaki 30. Itabidi tununue diski nyingine, tupige kura kikao kijacho.

Mwenyekiti wenu