Waambieni ukweli wanaoanza chuo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nina jambo limenikaa rohoni tangu mwaka wa kwanza chuo, sasa niko mwaka wa tatu na bado naliona linawarudia wadogo zetu wanaoingia.

Ukweli hawaambiwi. Wanaambiwa soma kwa bidii, chunga marafiki, basi. Haambiwi mtu kwamba atakaa ukumbini na watu mia mbili na hakuna anayejua hata jina lake, kwamba kama alikuwa wa kwanza darasani kwao basi hapa kila mtu alikuwa wa kwanza darasani kwao. Lekcha anaingia anaongea lisaa anatoka, hakagui daftari, na ukikosa kipindi hakuna wa kukuuliza. Sasa mtu aliyezoea kengele na kusukumwa anajikuta siku nzima ni ya kwake, inapita tu, kuja kushtuka asaimenti tatu zinatakiwa siku moja.

Mimi nilifeli testi ya kwanza kabisa. Nilikunja ile karatasi mara nne nikaichomeka ndani ya kava la daftari, usiku mama akapiga nikamwambia niko poa mama, masomo yanaenda, halafu nikageukia ukutani. Nilikaa hivyo karibu mwezi, siulizi popote nimekosea nini maana nilishaamini kabisa mimi sio wa pale, nimeingia kwa bahati tu. Rumeti wangu alivyoona silali akaniuliza, nikamuonyesha. Hakusema kitu, akafungua begi lake akatoa ya kwake, alikuwa amepata chini yangu! Vitanda vyetu viko hatua mbili tu, mwezi mzima kila mtu anamficha mwenzake.

Na hili limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Science kazi yao na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliwasomesha maelezo ya waliowatangulia kwamba ule wasiwasi wa kujiona hustahili kuwepo chuoni unawapata wengi na unapungua na muda. Zoezi lenyewe kama saa moja hivi. Wanafunzi weusi waliolipitia, ambao ndio mara nyingi hujiona wageni zaidi kwenye vyuo vile, walifanya vizuri kuliko weusi wenzao ambao hawakulipitia, na tofauti ikaendelea kuonekana kwa miaka mitatu. Saa moja mhariri!

Kwa hiyo ile wiki ya kuwakaribisha wageni, pamoja na vitambulisho na sheria za hosteli, vyuo watenge na hiyo saa, wasimame watu wa mwaka wa pili na wa tatu waseme testi yao ya kwanza walipata ngapi na walifanya nini baada ya hapo. Sio mgeni rasmi, sio aliyeongoza, wale wa kawaida kabisa. Na wazazi wetu jamani, "masomo yanaendaje" ina jibu moja tu na sote tunalijua, muulize mtoto leo amekaa na nani, kipi kimemshinda wiki hii, halafu nyamaza kidogo umsikilize.

Malekcha nao naomba watamke kwa mdomo kwamba saa za ofisini ni za wanafunzi. Mimi na rumeti wangu, kesho yake baada ya kuonyeshana zile karatasi, tulienda kugonga tukitetemeka, yule lekcha akatukalisha dakika kama ishirini, akatuonyesha tatizo letu lilikuwa kumwaga kila tunachokijua badala ya kujibu kilichoulizwa. Dakika ishirini tu. Tunatoka ndo naona karatasi ya masaa yake imebandikwa pale mlangoni, ilikuwepo tangu wiki ya kwanza, nimeipita kila siku nikidhani ni ya watu wengine.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu