Ushuru tunalipa, bomba la maji sokoni liko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie samaki tunaouziwa masoko ya rejareja hapa Dar es Salaam. Mimi ni mama lishe, samaki ndio wanaonilipia kodi ya nyumba, kwa hiyo siandiki ili kumharibia mchuuzi yeyote biashara.

Sokoni ninakonunua, kila meza ina ndoo moja. Maji hayo hayo yanaoshea kisu kilichotoka kutumbua jodari, yanafutia meza ya mbao yenye nyufa, kisha yananyunyiziwa kamba ili wang'ae. Ikifika saa nne asubuhi yana rangi ya chai ya maziwa. Bomba la karibu liko chooni, nalo ni la kulipia. Mchuuzi atalipia ndoo ngapi kwa siku?

Wengi hujipa moyo kwamba moto unamaliza yote. Samaki akiiva mpaka ndani, bakteria kama salmonela na vibrio hufa kweli. Lakini kisu kile kile kikikatia kachumbari, wameshahamia kwenye sahani. Na kwa vibua na jodari kuna balaa jingine: wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hutengeneza sumu iitwayo histamini ndani ya nyama, na hiyo haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Jirani yangu alikula kibua ambaye hakunuka hata kidogo. Muda si mrefu uso ukamwaka moto, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio. Watu wakasema ana mzio wa samaki. Mbona samaki aina ya changu anamla mpaka leo na hapati kitu?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya salmonela na kipindupindu. Viwanda vya sangara vikabanwa usafi, na leo maabara ya Nyegezi, Mwanza, hupima samaki wanaosafirishwa nje. Sisi tunaokula hapa nyumbani hatudai maabara kila soko. Tunadai maji ya bomba bila malipo karibu na meza, meza zisizonyonya damu, na barafu ambayo mchuuzi wa fungu la elfu mbili anaweza kuimudu. Ushuru unakusanywa kila asubuhi na risiti tunapewa. Halmashauri itueleze ni lini fedha hizo zitaleta hata bomba moja.

Mama lishe,
Temeke, Dar es Salaam