Vipepeo warudi sokoni, vinyonga wabaki mitini

Mhariri,

Kila baada ya muda husikika hoja kwamba Serikali ilikosea mwaka 2016 ilipokataza kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na kwamba vinyonga, mijusi na kobe wetu wangetuletea fedha za kigeni. Mimi ni mkazi wa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na naomba nafasi niipinge hoja hiyo, ingawa kuna upande mmoja ninaoukubali.

Januari 2021 forodha ya Austria ilitangaza kwamba msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia alikamatwa uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74 wa Usambara, wamefichwa kwenye soksi na makopo ya aisikrimu. Watatu hawakupona. Thamani yao sokoni ilikadiriwa kuwa yuro 37,000. Ukigawanya, kinyonga mmoja ni yuro 500. Vijana wa huku niliozungumza nao, waliokuwa wakikamata enzi za vibali, waliniambia kinyonga mmoja hakuwapa hata bei ya kilo ya sukari. Walikwenda usiku na tochi, kwa sababu kinyonga akilala rangi humpauka na huonekana upesi kwenye kijiti. Kazi yote ya hatari ilikuwa yao, na faida yote ilikuwa ya waliowapokea mbele ya safari.

Lakini hata bei ingekuwa nzuri, bado ningepinga, na sababu iko Kimboza, mkoani Morogoro. Katika msitu ule mdogo chini ya milima ya Uluguru anaishi mjusi mdogo, ndugu wa mjusi kafiri tunayemwona ukutani, ila dume lake ni la buluu inayong'aa. Hukaa kwenye makuti ya mti wa jamii ya mkadi, na hana makazi mengine mengi duniani. Wafugaji wa Ulaya walipompenda, wakamataji waliona kupanda mti ni kazi, wakawa wanauangusha mti mzima ili wamfikie mjusi mmoja au wawili. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi isiyopungua 32,310, karibu asilimia 15 ya waliokuwapo. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ulikuja kuzuia biashara yake mwaka 2016. Miti iliyoangushwa haikurudi kwa kuandikwa kwenye mkataba.

Kobe wa mawe, yule bapa kama chapati, ana kisa kinachofanana. Hujibana kwenye nyufa za miamba, na wakamataji huzipanua nyufa hizo kwa jeki ya gari. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida. Ufa ukishavunjwa, kobe mwingine hana pa kuingia.

Sasa upande ninaoukubali. Huku Amani kulikuwa na wanakijiji wanaofuga vipepeo. Walipanda miti ambayo viwavi hula, wakauza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) kwa maonyesho ya vipepeo ya nje, na kadiri msitu ulivyokuwa salama ndivyo walivyopata vipepeo wa mbegu wa kufugia. Katazo la 2016 likawakumba nao, likawapima kwa kipimo kilekile cha mtu anayeangusha mkadi. Hapo Serikali ilikosea, na inaniuma kuona watu waliofanya vizuri wanaadhibiwa kwa makosa ya wengine.

Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kusafirisha wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi walipiga kelele, na ndani ya siku chache Waziri wa Maliasili na Utalii, Dk. Pindi Chana, akasitisha. Alifanya vyema. Lakini mjadala ule ulikuwa wa kufungua au kufunga tu, na hakuna aliyeuliza ni biashara ipi inamfanya mwanakijiji apande mti na ipi inamfanya aukate.

Wanunuzi nao wana sehemu yao. Marekani ina sheria ya Lacey, inayomkataza mtu kuingiza mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria ya nchi alikotoka. Umoja wa Ulaya, soko kubwa la wanyama hawa, umekaa muda mrefu bila sheria kama hiyo: mjusi ambaye hayumo kwenye orodha za CITES huuzwa dukani hata kama kwao ni marufuku kumkamata. Balozi zetu Ulaya zina la kusema hapo.

Ombi langu kwa Wizara ni hili: wafugaji wa vipepeo wapewe kanuni yao wenyewe na waruhusiwe kuuza. Mnyama wa jamii ya kinyonga, mjusi au kobe aliyetolewa porini asipewe kibali, hata cha miezi sita.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga