Barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda kusoma mwaka mmoja Ufaransa

Wanangu wapendwa,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa yeyote ambaye salamu hizo si zake, habari za siku nyingi.

Nimesikia majina yametoka, visa zinashughulikiwa, na wengine mmeshaanza kuzunguka mitumba ya Karume mkitafuta makoti. Nimefurahi kwa dhati. Nilisoma huko nikiwa kijana, nikaja kufundisha Kifaransa hapa nyumbani hadi nikastaafu, na nimeaga vikundi vingi vya wanafunzi waliokwenda kukaa mwaka mmoja kisha wakarudi kumalizia shahada zao. Nina neno la kuwaambia nyote kwa pamoja.

Neno lenyewe ni hili: ukishapangiwa mji, kaa katika mji huo. Nimewapokea waliorudi na picha za Paris, Barcelona, Amsterdam na Milan, lakini ukimuuliza mmoja wao anamfahamu nani katika mji aliosoma, anakutajia Mtanzania mwenzake. Kila Ijumaa jioni alikuwa stendi ya basi. Kifaransa alichoondoka nacho ndicho alichorudi nacho. Nimewapokea pia wengine, wachache, waliokaa Besançon au Poitiers, miji ambayo hapa kwetu haimshangazi mtu ukiitaja, na mpaka leo wanaandikiana na watu wa huko. Sisemi msisafiri. Safirini, na hapa chini nitawaambia pa kwenda. Ila safari itokane na masomo yenu, isiwe njia ya kuyakimbia.

Kwanza makaratasi, maana yatawakuta kabla hamjafungua begi. Visa ya muda mrefu ya mwanafunzi inatakiwa kuthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu uingie nchini. Asiyeithibitisha anajikuta hana kibali cha kukaa, ingawa stika iko kwenye pasipoti. Fanyeni wiki ya kwanza, na wiki hiyohiyo jiandikisheni katika bima ya afya ya taifa, ambayo kwa mwanafunzi mgeni kujiandikisha ni bure. Benki itataka uthibitisho wa makazi, na mwenye nyumba atataka akaunti ya benki. Mzunguko huo humchosha kila mgeni, msiuone kama mmelengwa ninyi. Atakayepata chumba katika hosteli za CROUS, taasisi ya serikali inayohudumia wanafunzi, akikubali haraka ameshapunguza nusu ya adha hiyo.

Mtakaopanga kwa mtu binafsi, msitume hata senti kwa chumba ambacho hakuna mtu mnayemwamini amekiona kwa macho. Matapeli wanawajua wageni, na wanajua mwezi Agosti mko na wasiwasi. Mkitakiwa mdhamini anayeishi Ufaransa, upo udhamini wa bure uitwao Visale, unaombwa mtandaoni kabla ya kusaini mkataba. Siku ya kukabidhiwa funguo mtazunguka chumba na mwenye nyumba mkiandika hali ya kila kitu. Usione aibu kuchukua muda. Piga picha doa la ukutani, kitasa kilicholegea, jiko lililokwaruzika, na uhakikishe vimeandikwa. Kwa chumba chenye samani amana inaweza kufika kodi ya miezi miwili, na siku ya kuondoka karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kuhusu fedha, kwa miaka mingi ubalozi umekuwa ukimtaka mwanafunzi aonyeshe walau euro 615 kwa mwezi. Katika mji wa kawaida, ukijibana na kula kantini ya chuo, unaishi. Paris, chumba peke yake kinaweza kuzimeza zote. Kibali chenu kinaruhusu kufanya kazi hadi saa 964 kwa mwaka, lakini msizipangie bajeti kabla hamjafika. Na ninyi wazazi mtakaosoma barua hii, mtoto aliyeko Ulaya kwa masomo msimgeuze kuwa mfuko wa ukoo. Mwacheni asome.

Masomo sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko naona watoto wetu wakiumia bila sababu.

Alama za kule hutolewa juu ya 20. Kumi ni kufaulu, 12 ni vizuri kiasi, 14 ni vizuri, 16 ni vizuri sana, na zaidi ya hapo katika masomo ya lugha na jamii ni nadra. Mtu aliyezoea A hapa anarudishiwa kazi yenye 11 na kulia usiku kucha, kumbe darasa zima limepata 9 na 10. Hilo la machozi linapona. Lisilopona ni pale 12 yako inapofika nyumbani na kugeuzwa kwa hesabu ya shule ya msingi kuwa asilimia 60, wakati mwalimu aliyeitoa alikuwa anakusifu. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege nenda kwa mkuu wa idara, umuulize alama za kule zitabadilishwaje, na akupe jedwali lililoandikwa na kusainiwa. Ukiuliza baada ya kurudi utaonekana unalalamikia matokeo.

Vilevile mkataba wa masomo. Mwaka mzima ni krediti 60, yaani 30 kila muhula, na kozi zake mnakubaliana na idara zote mbili kabla ya safari. Mkifika mtakuta kozi moja imefutwa, nyingine inagongana na ya tatu. Ni kawaida. Badilisheni, lakini mabadiliko yasainiwe na pande zote mbili wiki hiyohiyo. Barua pepe ya mratibu inayosema "hakuna shida" haitawasaidia mbele ya kamati ya mitihani.

Halafu kuna mihadhara na kuna TD. Kwenye mihadhara mtakaa ukumbini watu mia tatu na hakuna atakayejua kama umekuja. TD ni vikundi vidogo vya mazoezi, na huko majina huitwa. Ukikosa jaribio bila sababu yenye karatasi unaweza kuandikwa "défaillant", yaani hukutimiza masharti, na muhula wako hauhesabiwi hata kama mengine yote umefaulu. TD za Ijumaa alasiri zimewaponza wengi, kwa sababu basi la Barcelona linaondoka Ijumaa jioni.

Kingine ni insha. Mwanafunzi wangu mmoja alinitumia kazi yake ya kwanza ikiwa na 7. Kurasa nane, kila alichoandika ni kweli, Kifaransa kizuri. Pembeni ya utangulizi mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Swali lako ni lipi?" Basi, hakuna lingine. Sisi tumefundishwa kuonyesha kwamba tunajua, kwa hiyo tunamwaga kila tunachokijua. Mwalimu wa kule anataka kwenye utangulizi uibue swali lenye utata, kisha sehemu mbili au tatu zinazosukumana kuelekea jibu, kila moja ikianzia pale nyingine iliposhindwa. Yule kijana nilimshauri aende ofisini kwa mwalimu wake wa TD na kumwomba amwonyeshe mpangilio wa insha iliyofanya vizuri. Alienda, akapewa, akakaa nao kila wiki akiandika mipango tu bila kuandika insha yenyewe. Mwezi Aprili alipata 13. Fanyeni hivyo tangu Oktoba.

Nje ya darasa, kinachofungua milango ni salamu, na hapo Mswahili hapaswi kushindwa na mtu. Kuingia dukani na kuanza na swali ni kukosa adabu kule, kama ilivyo kwetu kubisha hodi na kuanza na shida yako. Wageni wengi huanza na swali, wakijibiwa kwa ukavu wanaondoka wakisema Wafaransa wana dharau. Sema "Bonjour madame", mwangalie usoni, subiri akujibu, ndipo uombe mkate wako. Chagua duka moja la mkate na urudi hapohapo kila siku, hata kama la mtaa wa pili ni rahisi zaidi. Wiki za mwanzo utapewa mkate na chenji. Baadaye muuzaji ataanza kunyoosha mkono kwenye rafu akikuona mlangoni, kabla hujasema, na siku moja atakuuliza unatoka wapi huku foleni ikisubiri nyuma yako. Jibu kwa urefu. Hayo mazungumzo hakuna maabara ya lugha inayoweza kuwapa.

Wenzenu wa darasani wengi wametoka pamoja sekondari na hawatawaalika mapema. Si chuki. Jiungeni na michezo ya chuo, ada yake ni ndogo, au kwaya, au chama chochote kinachokutana kila wiki, kwa sababu urafiki wa kule unajengwa kwa kuonana mahali palepale mara nyingi.

Sasa safari. Kadi ya treni ya vijana wa miaka 12 hadi 27 huuzwa euro 49 kwa mwaka na hupunguza nauli ya TGV, treni za kasi, kwa asilimia 30. Treni za mkoa zinazoitwa TER zitawafikisha kwenye vijiji na miji midogo ambako watu wana muda wa kuongea. Visa yenu inawaruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini Uingereza haimo, kwa hiyo msikate tiketi ya London bila visa yake. Walio chini ya miaka 26 wenye visa ya muda mrefu huingia Louvre na makumbusho mengine ya taifa bure. Bebeni pasipoti yenye visa.

Mahali pamoja nawasihi msipakose ni Nantes. Ule mji ulikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa katika biashara ya watumwa, na zaidi ya safari 1,700 za meli za biashara hiyo ziliondokea hapo. Mwaka 2012 ulifunguliwa ukumbusho kando ya mto Loire. Juu, kwenye njia ya watembea kwa miguu, vimepachikwa vibao vidogo vya kioo vipatavyo 2,000 vyenye majina ya meli na bandari. Unatembea ukisoma chini ya viatu vyako. Someni majina ya hizo meli, mengine ni mazuri kabisa, na mjue jambo hili halikuishia Afrika Magharibi. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Watoto wa Kilwa na Lindi mlioko katika kundi hili, hiyo ni habari ya nyumbani kwenu. Tokeni hapo mwende kwenye makumbusho ya historia ya mji, ndani ya ngome ya watawala wa Bretagne, ambako Nantes inaieleza biashara hiyo bila kujificha. Anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, ndiyo hiyo.

Marseille nendeni pia. Wakomoro ni wengi mno huko, na sokoni Noailles sikio lenu litanasa nusu ya wanachosema. Paris, mtaa wa Château Rouge, mtapata unga, mihogo na kisamvu, na mtakutana na Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu. Mlio Paris msisahau INALCO, chuo cha lugha za kigeni. Hapo Wafaransa wanasoma Kiswahili na hawana wa kuzungumza naye. Saa moja mnaongea Kiswahili, saa moja Kifaransa. Sijaona njia bora ya kupata rafiki.

Binti zangu mnaovaa hijabu, mmeniuliza sana. Sheria ya 2004 inayokataza alama za dini inahusu wanafunzi wa shule za serikali hadi sekondari, haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Mtavaa na mtaingia darasani. Kinachokatazwa hadharani kwa wote ni kufunika uso, kwa sheria ya 2010. Ila mkipata kazi ya kusaidia kufundisha katika shule ya serikali, humo mtahesabiwa watumishi wa umma na hijabu haitaruhusiwa. Amueni mapema, msikutane na jambo hilo mlangoni siku ya kwanza ya kazi.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na Desemba jua la Paris linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kipindi hicho wengi huacha kutoka. Tofauti yetu nanyi itakuwa saa mbili tu, kwa hiyo magrupu ya nyumbani yatakuwa macho muda wote mlio macho, na unaweza kuishi Grenoble huku akili iko kwenye sendofu ya Mbagala. Tengeni saa moja ya simu ya nyumbani, kisha vaeni koti mtoke. Ikifika mahali mtu hali, halali, haendi darasani, kuna mpango uitwao Santé Psy Étudiant unaompa mwanafunzi vikao 12 vya mwanasaikolojia bila malipo. Atakayewaambia kwamba huo ni udhaifu, msimsikilize. Na msiwatumie wazazi picha za kucheka wakati mnaumia. Mama yako anataka kujua ukweli.

Kabla ya kurudi, mpeni mwenye nyumba wa chumba cha samani taarifa ya mwezi mmoja kwa barua ya rejista, msifunge akaunti ya benki kabla amana haijarudi, na msiondoke mjini bila kumwachia mratibu anwani ya kutuma hati ya matokeo. Hati hiyo ikichelewa, ulizeni kila wiki.

Aliyeko Morogoro au anayepita njiani, aje nyumbani kabla ya safari. Jioni nipo. Njoo na mkataba wako wa masomo tuusome pamoja.

Mwalimu wenu mstaafu
Morogoro