"Jisaidie nami nitakusaidia" si neno la Biblia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limeniumiza kwa muda mrefu. Majuma mawili yaliyopita, mjane mmoja wa usharika wetu hapa Uyole, Mbeya, aliiomba kamati imsaidie mifuko miwili ya mbolea ya kupandia mahindi, kwa kuwa akiba yake yote iliishia katika matibabu ya marehemu mumewe. Kabla hajamaliza kueleza, mjumbe mmoja alimkatiza akisema, "Mama, hata Biblia inasema: jisaidie nami nitakusaidia." Wajumbe wengine wakatikisa vichwa kukubali, na shauri likaahirishwa.

Maneno hayo hayamo katika Biblia, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Wengi hudai yamo katika Mithali, nadhani kwa sababu yana mlio wa methali, lakini kitabu hicho kinafundisha jambo tofauti kabisa: "Amhurumiaye maskini humkopesha Bwana" (19:17). Usemi huo umetoka kwa Wayunani wa kale, ambao katika ngano zinazohusishwa na Aesop walisimulia habari za mwenye gari lililokwama topeni, aliyemlilia Herakles, shujaa wao waliyemwabudu kama mungu, akaambiwa kwanza atie bega lake kwenye gurudumu. Benjamin Franklin wa Marekani naye aliuchapisha katika almanaka yake ya mwaka 1736. Sioni ubaya wa kumhimiza kijana mwenye nguvu kwa usemi huo. Ubaya ni kuuvika mamlaka ya Mungu, kwa maana mjane anaweza kumjibu mjumbe wa kamati, lakini akishaambiwa kwamba ni Mungu aliyesema, hana la kujibu.

Uko usemi mwingine ulio karibu zaidi na Maandiko, na kwa hiyo ni mgumu zaidi kuukosoa. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, kula chakula na asile" (2 Wathesalonike 3:10). Uzito wote wa mstari huo umo katika neno "hataki". Vinywani mwetu umekuwa "asiyefanya kazi na asile", na kwa mabadiliko hayo madogo, mgonjwa, kikongwe na kijana aliyezunguka Mwanjelwa mwezi mzima akitafuta kibarua wanahukumiwa pamoja na mvivu.

Sizungumzii makosa yasiyo na madhara, kama lile la mamajusi, ambao Mathayo hakutaja idadi yao ingawa kila Krismasi tunawahesabu watatu. Kosa hilo halimnyimi mtu chakula.

Shauri la mjane huyo litarudi mezani Jumapili ijayo. Nitaomba sura hiyo ya Wathesalonike isomwe mbele ya kamati bila kuishia mstari wa 10, ili tuufikie wa 13, ambamo Paulo anawaambia ndugu hao hao wasikate tamaa katika kutenda mema.

Mzee wa Kanisa,
Uyole, Mbeya.